Mstari Mtupu Chini ya Lubinza

Pasiansi, Mwanza
7 Julai 1996

Mume wangu mpenzi Venant,

Naandika "mume wangu" halafu nasimama kidogo kuyatazama maneno hayo mawili, maana hata leo siamini kwamba ni ya kwangu. Mama mwenye nyumba ananicheka. Jana aliniona naanika mashati yako uliyoyaacha, akasema, "Wewe bibi harusi, mashati hayo unayafua kila wiki na mwenyewe yuko Bariadi anavaa mengine." Nikamwambia yanaingia vumbi. Yamo sandukuni, Venant. Vumbi litafikaje sandukuni?

Pamba inaendeleaje? Redioni wanasema kampuni za watu binafsi zinawagombania wakulima mpaka njiani. Usikubali wakulaze ghalani juu ya marobota, kifua chako hakipendi.

Sasa habari kubwa. Kitabu cha Mwalimu Nathaniel kimekwisha kuchapwa. Zile habari za vikundi vya kulima na kucheza ngoma alizokuwa anazungukia na baiskeli Kisesa nzima, leo zina jalada la bluu na zinanukia wino. Na mwishoni kuna kitu ambacho kiwandani kwetu hatukuwahi kukitengeneza: majina ya watu wote waliotajwa, na mbele ya kila jina namba za kurasa anamopatikana. Mwalimu anaiita faharasa. Farouk, mwenzangu wa kiwandani, anasema zamani kazi hiyo ilifanywa kwa vikaratasi na mtu alikonda. Siku hizi unaipa kompyuta majina, kila moja kwenye mstari wake, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Ukirudi, imekwisha kukipitia kitabu chote na kukuandikia fulani yuko ukurasa huu na huu. Ila haijiongezi. Jina usiloipa hailitafuti, hata kama mwenye jina amejaa kitabu kizima. Mwalimu aliniandikia majina kwa mkono wake, mimi nikayaingiza.

Ilikuwa Ijumaa ile uliyonitokea mlangoni bila taarifa, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Bosi alinitazama akasema, "Modesta, nenda nyumbani, leo huna faida tena hapa." Tulivyotembea ufukweni mpaka jua likaingia ziwani, ukaninunulia sato wa kukaanga ukamtoa miiba mwenyewe. Mpaka leo nikipita pale natabasamu peke yangu, watu wanadhani nimechanganyikiwa.

Jumapili ijayo vitabu vinagawiwa Kisesa, uwanjani, baada ya ibada. Shangazi yako Teodora amenitumia salamu kwamba Baba ameshonesha koti jipya kwa ajili ya siku hiyo.

Wako, wako, wako,
Modesta

*

Bariadi
11 Julai 1996

Mke wangu Modesta,

Barua yako nimeisoma kwenye mizani, wakulima wakapiga kelele kwamba karani amelala. Masalu, dereva wetu wa lori, akawaambia, "Mwacheni, ameoa juzi." Wakanyamaza, na mzee mmoja akanipa pole.

Hilo la koti umenifurahisha. Hujui kitabu kile ni nini kwa Baba. Yeye na Mwalimu Nathaniel walichunga pamoja wakiwa wadogo, na Mwalimu alipoanza kuandika, miaka miwili alikuwa akija kwetu jioni anauliza na Baba anajibu. Nusu ya kitabu ni kinywa cha Baba. Kusoma hasomi vizuri, lakini jina lake analijua kwa sura, kama anavyowajua ng'ombe wake. Atalitafuta huko mwisho, na akilikuta atamwonyesha kila mtu mpaka Buzuruga. Na aliyelipanga pale ni mkwe wake. Nimewaambia watu wote hapa.

Niandikie alifanya nini alipoliona. Usiache kitu.

Mumeo,
Venant

*

Pasiansi
15 Julai 1996

Kaka Farouk,

Salaam. Mpe dada yako Maulida hongera za ndoa, na wasalimie wote hapo Kigoma. Ningekusubiri urudi kazini lakini siwezi. Nijibu upesi swali moja: ile Ijumaa ulipotoka msikitini ukaiendesha faharasa, katika majina niliyoingiza, chini ya Lubinza, mstari ulikuwa mtupu?

Najua jibu. Nakuuliza kwa sababu bado natafuta pa kukimbilia.

Ni hivi. Kitabu chenyewe nilikichapa kabla ya harusi, na jina la baba yake Venant niliandika kama jina lolote. Lakini siku ya harusi shangazi yao aliniketisha akaniambia kwamba kwenye ukoo wao mke hatamki jina la baba mkwe, kuanzia siku hiyo mpaka afe. Hakusema kitu kuhusu kuliandika. Nilipofika kwenye jina hilo, vidole vilikataa. Sikutaka kumwuliza mtu, ningeonekana mshamba. Nikasema nitaacha mstari wazi, Farouk akirudi kutoka kuswali atalijaza, yeye si mkwe wa mtu pale. Halafu Venant akasimama mlangoni na mimi nikasahau jina, nikasahau kiwanda, nikasahau kwamba kuna wewe. Jumatatu nilikuta kurasa zimekwisha kutoka. Sikuzikagua. Nilikuwa bado naota.

Jana wazee walikaa kwenye viti, kila mmoja na kitabu chake, wakaniita niwasomee kurasa za mwisho kwa kuwa ndiye niliyezitengeneza. Ilikuwa raha, Farouk. Mzee Ngosha ana kurasa saba, akamtambia mzee Mhoja mwenye nne. Mzee Mhoja akasema, "Saba zako tano ni za ugomvi." Wakacheka mpaka wakashika magoti. Kisha Shangazi Teodora akaja na kitabu cha Baba, maana baba mkwe mwenyewe haruhusiwi kunisogelea. Amevaa koti jipya, amesimama mbali anatazama. Shangazi akasema, "Mtafutie kaka yangu." Nikashusha kidole: Lubinza, kisha Lushinge. Nikarudi juu, nikashuka tena. Shangazi akanichukua kitabu, akatafuta yeye, akasema kwa sauti kila mtu akasikia: "Hayumo."

Baba hakugomba. Alimtazama Mwalimu Nathaniel, akavaa kofia, akaondoka kwa miguu. Na uwanja mzima ukamgeukia Mwalimu. Yeye akawa anapekua kitabu, anasema, "Haiwezekani, haiwezekani." Mimi nilikuwa hatua chache kutoka kwake. Sikusema neno.

Nijibu.

Modesta

*

Kisesa
19 Julai 1996

Binti yangu Modesta,

Nakuandikia kwa siri, hata mke wangu hajui. Rafiki yangu Luhende hanisalimii. Jana tulikutana njia ya kisimani, akanipita. Simlaumu. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Shida yangu ni nyingine. Ninakumbuka kwamba nilimwandika. Nakumbuka kabisa, nilikaa mezani nikaanza na yeye. Lakini miezi hii nimekuwa nikisahau vitu: miwani, jina la mjukuu, wimbo niliouongoza kanisani miaka thelathini. Marehemu baba yangu alianza hivi hivi, na mwisho alikuwa akiniuliza mimi ni mtoto wa nani. Kama sikumwandika Luhende, mtu aliyenipa nusu ya kitabu, na hali nakumbuka kwamba nilimwandika, basi na mimi nimeanza.

Tafadhali itafute karatasi niliyokupa. Niambie kama jina lake lilikuwemo. Usinionee huruma. Mtu anataka kujua.

Mwalimu Nathaniel

*

Pasiansi
22 Julai 1996

Mwalimu, shikamoo.

Barua yako nimeipata. Karatasi ile nimeitafuta sikuiona. Kazi ikiisha makaratasi hutupwa, naona nayo ilitupwa. Usijisumbue sana Mwalimu, kila mtu husahau. Kitabu ni kizuri na watu wanakisifu.

Wasalimie nyumbani.

Modesta

*

Kigoma
24 Julai 1996

Bi harusi,

Mstari ulikuwa mtupu. Niliuona. Nilidhani kidole kilikuponyoka kwa sababu ya shemeji, maana siku ile hata kalamu uliondoka nayo sikioni. Mashine haikulalamika, iliuruka tu. Kosa langu lipo, ningeuliza. Bosi akitaka kichwa cha mtu nitatoa nusu ya changu.

Lakini Modesta, hicho si kitu cha kuniandikia mimi Kigoma. Aliyeko Kisesa ndiye anayesubiri. Umeshamwambia? Naomba uniambie kwamba umeshamwambia.

Maulida anakusalimu. Shemeji yangu mpya anakoroma, nyumba nzima haijalala.

Farouk

*

Bariadi
28 Julai 1996

Mke wangu,

Kwa nini nimesikia kwa Masalu badala ya kusikia kwako? Barua yako ya wiki iliyopita ilisema ulimwona Baba ameondoka mapema kwa kuumwa kichwa. Najua, ulitaka kuniepusha na uchungu nikiwa mbali. Ndivyo ulivyo, na nakupenda kwa hilo. Lakini hilo halifichiki. Baba amelivua koti na kumpa Shangazi alifungie kabatini.

Mwalimu Nathaniel nimemwandikia. Nimemwambia amekula kwetu miaka miwili, amejaza kitabu kwa maneno ya mtu, na mwisho amemfuta ili ionekane ni akili yake mwenyewe. Nimemwambia asikanyage tena mji wa Baba. Juu nimeweka shikamoo kwa heshima, lakini marahaba sikuisubiri. Masalu amempelekea mkononi.

Usihuzunike, Mode. Wewe ulifanya kazi yako kwa majina uliyopewa. Hakuna anayekutaja kwa ubaya.

Venant

*

Kisesa
2 Agosti 1996

Binti yangu,

Asante kwa jibu lako. Lilikuwa la upole.

Nimepata barua ya mumeo pia. Usimkaripie, anampenda baba yake. Nimeona nikuandikie wewe kwa kuwa ndiye wa kiwandani. Yale makaratasi ya kitabu cha pili, ya nyimbo za kina mama, niliyosema nitawaletea mwezi huu, sitayaleta. Nimeyatia kwenye gunia na kulishona. Mtu ambaye hajui alichoandika na ambacho hakuandika hafai kuandika habari za watu. Na kanisani nimeomba mwingine asome masomo.

Mke wangu ameanza kunifunga vifungo vya shati asubuhi. Sikumwomba.

Mwalimu Nathaniel

*

Pasiansi
4 Agosti 1996

Mume wangu,

Soma hii ukiwa peke yako, si kwenye mizani.

Mwalimu hakumfuta Baba. Karatasi yake iko mbele yangu ninapoandika, imekuwa kwenye droo yangu tangu Juni. Jina la Baba ni la kwanza kabisa, juu ya yote, na amelipigia mstari. Mimi ndiye sikuliandika. Niliogopa kuliandika kwa sababu ya adabu aliyonifundisha Shangazi. Nikaacha nafasi ili Farouk alijaze, kisha ukaja, nikasahau. Ningekuwa nimekwambia siku ile tukila samaki ungecheka, na ungenirudisha kiwandani tukalijaza pamoja. Sikukumbuka hata mara moja. Nilikuwa na furaha mno.

Hilo ni kosa la kwanza na ningeweza kulibeba. La pili ni kwamba Mwalimu aliniuliza, naye hakuniuliza kwa hasira. Anadhani akili inamtoka kama ya baba yake. Nikamjibu kwamba karatasi imetupwa. Nilimwandikia hivyo na mkono wangu wa kushoto uko juu ya karatasi yenyewe, nimeifunika kama mtoto anayeficha mtihani. Sasa ameshona maandishi yake kwenye gunia, na mkewe anamfunga vifungo.

Kila usiku nasali sala ya kukuombea wewe na nikifika kwa Mwalimu naruka.

Nilinyamaza kwa ajili yetu, Venant. Niliona nimeolewa juzi tu, kila mtu ananipenda, Shangazi ananiita ua. Nilitaka niendelee kuwa ua. Nimewaza nikuache wewe unichukie kwanza, halafu niende Kisesa kwa Mwalimu na kwa Baba.

Mkeo, kama bado,
Modesta

*

Bariadi
9 Agosti 1996

Modesta,

Bado ni mke wangu, usiandike upuuzi. Lakini nimekasirika, na sijui nikasirikie nini, maana kila nikianza nakuona umesimama pale mlangoni unavua lile koti la kazi, nami najua nani alikuita.

Nimetafakari siku mbili. Usiende. Nisikilize kwanza. Sema mashine ilikosea. Nani Kisesa atabishana na kompyuta? Mwalimu atapona, Baba atamrudia, na wewe utabaki na heshima yako. Ukisema ukweli, watasema mwana wa Luhende ameoa mwanamke aliyemwaibisha mkwewe mbele ya watu, akanyamaza, akamwachia mzee mwingine mzigo. Maneno hayo hayaishi, mpaka watoto wetu watasikia. Na mimi na ile barua yangu nitauficha wapi uso?

Mashine haina baba wala mkwe. Haitaumia.

Venant

*

Pasiansi
25 Agosti 1996

Mume wangu mpenzi,

Barua yako niliisoma mara nyingi, na kwa kitambo nilishukuru. Kulaumu mashine ni rahisi kweli. Nilianza hata kupanga maneno. Lakini Mwalimu angeuliza mashine ilikoseaje, yeye ni mtu wa kuuliza, na mimi ningejibu uongo wa tatu kuulinda wa pili. Na karatasi yake ingebaki wapi? Ndiyo dawa yake, Venant. Anahitaji kuuona mwandiko wake. Kwa hiyo Jumamosi, siku nane zilizopita, nilikwenda. Nisamehe kwa kutokukutii.

Nilianza kwa Mwalimu. Yuko barazani anapukuchua mahindi. Nilimpa karatasi mkononi. Aliisogeza mbali na macho, akasoma. Akamwita mkewe: "Mama Odeta, njoo. Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wako."

"Na hili la juu kabisa ni nani?"

Mama akamtajia. Mwalimu, punje za mahindi zimemjaa mapajani, akasema, "Basi nilimwandika." Akalisema tena kwa Kisukuma.

Nikamweleza yote: adabu, nafasi niliyoiacha, wewe kuingia. Alicheka, kicheko cha kweli. "Hilo naelewa. Mimi mama mkwe wangu bado namzunguka, na yuko kaburini." Halafu akaacha kucheka. "Ulisema karatasi imetupwa."

"Ilikuwa kwenye droo yangu, Mwalimu."

"Siku ile unaniandikia?"

"Siku ile."

Akapangusa punje moja moja zikaanguka chini. Hakuniambia nimekusamehe. Aliingia ndani, akatoka amevaa viatu, akasema, "Twende kwa mwenzangu." Njia nzima alitangulia.

Kwenu nilipiga magoti mbali na Baba kama inavyotakiwa, Shangazi amesimama katikati. Nikaanza kueleza, nikafika mahali pa kusema ni jina gani halikuwemo, nikakwama. Nikasema, "Lile la mwenye mji huu."

Baba akamwuliza Shangazi, "Mkwe anasema nini?"

"Anasema alikuficha kwa heshima."

"Heshima gani inamtembeza mtu juani na koti zito mpaka nyumbani?"

Sikujua kama nicheke au nilie. Shangazi alinitazama, na sasa mimi si ua tena kwake, naona itachukua muda. Kisha Baba akamgeukia Mwalimu, akasema taratibu, "Nilikupita kisimani."

"Ulinipita," Mwalimu akasema. "Nami nikajiuliza nimekufanyia nini kingine ambacho pia nimekisahau."

Baba aliinamisha kichwa, Venant. Sijawahi kumwona mtu mzima ameinama hivyo. Mwalimu akavuta kigoda akakaa karibu yake, wakaongea kwa sauti ya chini, na mimi sikustahili kusikia.

Mwishowe Baba alisema, "Teodora, kuanzia leo mtoto huyu ataniita kwa jina langu, na ataliandika."

Shangazi akasema, "Hivi hivi, bila mbuzi? Kaka, unataka watu waseme tuliokota mke barabarani?" Kwa hiyo nilitolewa mbuzi jike mweupe wa kunifungulia mdomo. Hapa Pasiansi ameshakula mkono mmoja wa shati lako la mistari. Baba akataka nimwite papo hapo. Nikamwita. Luhende. Sauti ilitoka ndogo kama ya mtu aliye shimoni. Akasema, "Naam," akaangalia upande mwingine.

Jumatatu nilimweleza bosi. Amenikata likizo yangu ya Desemba, Farouk ametoa wiki moja ya likizo yake bila kuombwa. Nikaliandika jina chini ya Lubinza, nikaiendesha mashine upya, sikwenda kunywa chai. Nilisimama mpaka ilipomaliza. Luhende ana kurasa nyingi kuliko mtu yeyote, namba zake zimejaza mstari mmoja zikaingia wa pili. Tumechapa vikaratasi, na jioni baada ya kazi nabandika kimoja kimoja kwenye kila kitabu. Vilivyokwisha kugawiwa nitavifuata nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nitasema aliyekosea ni nani. Jana nilianza na mzee Ngosha. Alihesabu kurasa za Baba akasema bora nisingekwenda.

Ijumaa Mwalimu alikuja kiwandani na gunia lake. Amelifumua. Alikuwa amejifunga vifungo mwenyewe, kimoja amekiruka, nikafurahi kukiona. Nilisimama nikasema shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu. Nikanyoosha mikono kulipokea. Akalipitisha juu ya meza yangu akampa Farouk, akamwambia, "Haya utayachapa wewe, na majina utayaingiza wewe." Farouk aliniangalia mimi. Nikamsaidia kusafisha nafasi mezani kwake.

Sasa kuna wewe. Barua yako bado iko kwa Mwalimu, niliiona imechomekwa kwenye Biblia yake. Hakunituma nikwambie uombe radhi, wala Baba hakunituma. Ninayekuambia ni mimi, ambaye nakupenda mpaka naona aibu kupita ufukweni. Kwenye barua yako fupi ya juzi umesema kwamba unakuja Jumamosi na basi la asubuhi. Linapita Kisesa kabla ya kufika kwetu. Shuka Kisesa, Venant. Nenda kwake kwanza, ukae mpaka akuambie uondoke, hata kama ni mpaka Jumapili. Chakula chako nitakifunika.

Mkeo,
Modesta